Walichokula Mbwa wa Bugarama

Mwaka ule mbwa walipoanza kuanguka na povu mdomoni, upande wetu wa bonde la Bugarama, hakuna aliyeuliza wamekula nini. Ndilo swali la kwanza analouliza mtu yeyote anayefuga. Ng'ombe akivimba tumbo, unauliza amekula nini. Mbuzi akihara, unauliza amekula nini. Mtoto akitapika, mama yake anauliza hata kabla hajamfuta mdomo. Lakini kwa mbwa swali hilo lilikuwa limefungwa, na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuliuliza, kila nilipolitamka watu walinitazama kama mwanamke aliyevua nguo sokoni.

Wiki hii nimetoka Bugarama, kwenye matanga ya Mzee Saidi, mkulima wa mpunga aliyenipangisha chumba mwaka ule. Nilifika wameshamzika, maana Waislamu hawacheleweshi maziko, nikashinda uani pamoja na wanawake. Nyumba imepakwa saruji sasa. Jiko la zamani limebomolewa, na chumba changu, kilichokuwa kimegusana nalo ukuta kwa ukuta, kimegeuka stoo ya mbolea. Nilichungulia ndani. Mahali pa kitanda changu pana mifuko iliyopangwa hadi dirishani, na dirisha lenyewe ni lile lile, dogo kama mfuniko wa sufuria, ambalo moshi wa kuni ulipenda kuingilia na haukujua kutokea. Zuhura, mjukuu wa marehemu, alinikuta nimesimama hapo, akacheka: "Tantine Beata, unatafuta kitanda? Kililiwa na mchwa." Ana watoto wake sasa. Nilimtazama akiondoka na birika la chai, mnene, mzima, mwenye haraka, na hasira ya mwaka ule ikanirudia.

Ulikuwa mwaka uliofuata kuvunjwa kwa makambi ya wakimbizi ng'ambo. Watu walikuwa wamerudi kutoka Kongo kwa miguu, na magodoro vichwani, na mimi pia nilikuwa nimerudi, kama neno kurudi linamfaa mtu aliyezaliwa Bukavu na kuitazama Rwanda utotoni mwake wote kutoka upande wa pili wa maji. Nilikuwa na diploma ya mifugo. Ofisi ya mifugo ya Cyangugu ilinituma Bugarama nikahudumie mifugo, na mifugo haikuwepo. Ng'ombe walikuwa wameliwa vitani, na mbuzi wakafuata. Mifereji ya mashamba ya mpunga ilikuwa imebomoka na kujaa majani kwa kukosa mikono ya kuisafisha. Watu waliniita Veto, yaani daktari wa mifugo, na vijana wa kwenye kinu cha kukoboa mpunga waliniita Daktari wa Hewa. Nilikuwa na kisanduku cha bati cha dawa alichoacha aliyenitangulia, baiskeli isiyo na breki, na muda mwingi kupita kiasi.

Kwa hiyo nilitazama mambo. Nilijua Mzee Saidi anakunywa chai yake barazani akiwa amegeuzia barabara mgongo. Nilijua mkewe, Maman Hadija, anapima chumvi kwa kuimimina kwenye kiganja cha kushoto na si cha kulia. Nilikula naye jikoni, sisi wawili na Zuhura, mtoto wa miaka sita au saba hivi wakati huo, tukiwa tumezunguka sinia moja: ugali, sombe ya majani ya mihogo, na siku njema sambaza, dagaa za kisiwa cha Nkombo, ambazo wanawake walizileta kutoka Cyangugu zikiwa zimekauka hata zinalia mdomoni. Ugali wa nyumba ile ulikuwa mweupe. Nasema mweupe kama wa harusi, umekobolewa na kuchekechwa hata hauna chembe ya ganda. Ilikuwa njaa, majirani walikuwa wanachimba mihogo michanga isiyozidi kidole, na sisi tulikuwa tunakula ugali wa harusi. Mtu anayejivunia macho yake angeshangaa. Mimi nilishukuru, nikaosha mikono, na baadaye nikalalamikia kichwa na mate machungu, nikasema ni moshi.

Mbwa wa nyumba aliitwa Makuta, jina la sarafu za kule Zaire, kwa sababu, alivyosema Mzee Saidi, alikuwa mwingi na hana thamani. Mzee alimfuga kwa ajili ya shamba, kufukuza nguruwe mwitu na wezi. Mbwa hakuruhusiwa kukanyaga baraza, na bakuli lake lilikaa ng'ambo ya ua, mbali na vyombo vya watu. Wachache ndio waliokuwa bado na mbwa. Lazima niseme kwa nini, ingawa Mzee Saidi hakulisema hata mara moja katika mwaka mzima niliokaa kwake. Wakati wa mauaji ya kimbari, wafu walipolala bila kuzikwa, mbwa walikula. Waliokuwepo waliona. Tuliokuja baadaye tulisikia, kwa nusu sentensi, mtu anaanza na kumalizia kwa kutikisa kichwa. Mbwa wengi walipigwa risasi. Waliosalia, na wale walioletwa na watu wa makambi, waliishi katikati yetu kama jamaa ya mtu aliyefungwa: hakuna anayewataja, kila mtu anawajua. Kumuuliza mtu mbwa wake amekula nini kulikuwa kama kumuuliza nyumba yake imejengwa juu ya kaburi la nani.

Makuta alianguka asubuhi moja, wakati Maman Hadija anafagia. Nilisikia ufagio ukinyamaza, kisha sauti yake.

"Beata! Kuja uone hii imbwa. Iko nafanya kama mutu ya kifafa."

Alikuwa amelala ubavu karibu na bakuli lake. Mate yalikuwa yanamtiririka kama maji, misuli ya mapaja inarukaruka chini ya ngozi, na nilipomfunua jicho mboni ilikuwa imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Hayo si maradhi ya kichaa, wala si minyoo. Nilikuwa nimefundishwa ishara hizo kwa kuimba, kama watoto wanavyofundishwa jedwali la kuzidisha: mate, mtetemo, mboni ndogo, ni sumu ya wadudu, ile ya shambani. Katika kisanduku cha bati kulikuwa na vichupa vichache vya atropini, dawa ya sumu hiyo. Nilimchoma sindano, nikamchoma tena, na jua lilipofika utosini alikuwa ameketi, amelewa, ananitazama bila shukrani yoyote. Nilifurahi kijinga. Mwaka mzima wa hewa, na leo nimemponya mnyama. Nikamgeukia Mzee Saidi aliyekuwa amesimama mbali na mikono nyuma.

"Mzee, amekula nini?"

Uso wake ulijifunga. "Umeiponyesha. Asante. Njo vile."

"Lakini ni sumu. Lazima nijue ameitoa wapi, atakula tena."

"Binti," akasema, polepole, "wewe ni mutoto ya Bukavu. Weye haukukuwako. Hiyo neno usiniulize tena mu hii nyumba." Akaenda shambani bila kunywa chai.

Wiki ile ile wengine walianguka: mbwa wa fundi baiskeli, wawili wa kule kwenye kinu, na wa Maman Shantali, jirani wa ng'ambo ya ua, mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, aliyerudi na mbwa wake kutoka kambini. Huyo wa Maman Shantali alikufa kabla sijafika. Atropini ilikuwa imebaki kidogo, lakini kwa mfu sikuihitaji, nilihitaji kisu. Mbwa aliyekufa kwa sumu anabeba jibu tumboni. Unapasua, unatazama, kazi imekwisha. Nilichukua kisu changu cha shule, nikafunga kitambaa puani, nikapiga magoti kando ya mzoga nyuma ya choo cha Maman Shantali, na kabla sijagusa ngozi ua ulikuwa umejaa watu. Sijui walitokea wapi. Mwanamke mmoja alijifunika uso wote kwa kitenge. Mwingine alianza kulia, kilio cha msibani. Mzee Saidi alipenya katikati yao akanishika mkono wenye kisu, yeye ambaye hakuwahi kunigusa hata kwa salamu.

"Weka kisu."

"Mzee, nikitazama tumboni nitajua."

"Njo ile tuko naogopa," akasema. "Na ukikuta mule pete? Utaita nani, umupe?"

Wanaume wawili walimvuta mbwa kwa miguu wakamtupa katika shimo la choo kikuukuu, wakarushia mawe. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na imedumu. Nilielewa hofu yao, nani asingeielewa. Lakini miaka kadhaa ilikuwa imepita, kitu kilichokuwa ndani ya tumbo lile kilikuwa cha jana, cha jikoni, cha mkono wa mtu aliye hai, na kilikuwa umbali wa kidole changu. Nimefikiri juu ya tumbo lile la mbwa mara nyingi kuliko ninavyofikiri juu ya watu wengi niliowapenda.

Konseye wetu, yaani diwani, Vedasti, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya, aliita mkutano uwanjani karibu na kinu. Alisema mbwa wamerudia tabia yao. Hakusema tabia gani. Alisema ardhi imefunuliwa na mvua kule kwenye vinamasi, na kwamba jambo hili ni la aibu na la afya, na kwamba mbwa wote wataondolewa. Nilisimama. Nilisema hii ni sumu ya wadudu, kwamba nimemponya mmoja kwa dawa ya sumu hiyo, kwamba mbwa aliyekula maiti hatetemeki hivi wala macho yake hayawi hivi, na kwamba kama sumu ipo mahali mbwa wanafika, watoto pia wanafika.

"Veto," akasema mmoja wa vijana wa kinu, "ng'ombe ziliisha, sasa unaganga imbwa. Kesho utaganga nani? Panya?"

"Panya ziko na daktari yake, ni paka," mwingine akajibu, na uwanja ukacheka, kicheko cha watu waliokuwa wanatafuta tu pa kuchekea.

"Mademoiselle," Konseye akasema, watu walipotulia, "tunakushukuru. Kaa chini."

Nilikwenda hadi Cyangugu, kwa mkuu wangu, katika ofisi ile inayotazama ziwa. Alikuwa ameweka redio mezani karibu na sikio. Upande wa pili wa maji kulikuwa kunapikwa vita vingine, kila mtu alijua. Alinisikiliza akiangalia mashua za polisi. "Niletee ng'ombe mmoja mgonjwa," akasema mwisho, "nitaandika rapoti leo leo. Kwa imbwa, nitaandika nini? Nani atasoma?" Nikamwambia ng'ombe hawapo. "Njo vile," akasema, naye pia. Nilirudi Bugarama jioni ile ile na maneno hayo mawili, ndivyo ilivyo, yakinipigapiga kichwani. Mwaka ule watu wazima wote walikuwa na maneno hayo mawili tu ya kufungia kila mlango.

Siku ya mbwa ilikuwa fupi. Askari walikuja na bunduki, vijana wakawafuata na marungu. Mzee Saidi hakutaka waingie kwake. "Yangu nitaipeleka miye," alisema, akamfunga Makuta kamba ya kufungia mpunga akatembea naye barabarani, mbwa akimfuata kwa furaha kwa sababu hakuwahi kutembezwa. Mzee alirudi na kamba. Aliifua, akaianika, akanawa, akaenda kuswali.

Siku zilizofuata nililala chali mchana wa joto nikisikiliza jiko. Ukuta ule wa matofali mabichi ulipitisha kila kitu. Maman Hadija na Maman Shantali walikuwa wanatwanga kwa zamu katika kinu kimoja, na kati ya pigo na pigo walizungumza mambo yao: mwanaume fulani aliyeoa tena, bei ya sabuni, mguu wa mtu. Nakumbuka Maman Shantali akisema, "Sasa imbwa hamuna. Hii pumba tutapatia nani?"

"Tupa," Maman Hadija akasema.

"Kutupa chakula? Mu hii njaa? Mungu atatuona."

Kinu kikapiga, kikapiga. Kisha Maman Hadija: "Tutaitia chumvi. Batoto hawachaguake."

Hayo ndiyo niliyoyasikia, na hayakuwa na kitu. Wanawake wanatwanga mahindi, wanatenga pumba, wanasema wataipika. Ni mazungumzo ya kila jiko kuanzia Nyakabuye hadi mpakani. Nililala usingizi.

Zuhura alianguka baada ya uji wa asubuhi. Aliniita yeye mwenyewe, "Tantine, mudomo yangu inajaa maji," nami nilidhani anacheza. Nilipotoka alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mate yanamshuka kifuani, na mapaja yake madogo yanarukaruka chini ya ngozi. Nilimshika kidevu nikamgeuzia jua. Tundu la sindano.

Nilimbeba mgongoni kwenye baiskeli isiyo na breki, kisanduku cha bati kikining'inia, Maman Hadija akikimbia nyuma anamwita Mungu kwa Kiarabu na kwa Kinyarwanda. Kituo cha afya kilikuwa na foleni hadi nje, wanawake na watoto wamekaa chini ukutani. Muuguzi, Faustin, alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alikuwa anatibu bonde zima kwa kwinini na maneno mazuri. Alimgusa Zuhura paji la uso, akasema malaria.

"Mtazame macho," nikasema.

Akatazama. Akatazama tena, akafungua dirisha apate mwanga. Kisha akasema kitu ambacho kiliniuma na kunifariji kwa pamoja: "Nimeona ingine kama hizi mu hii wiki. Nikasema ni malaria ya kichwa." Akanigeukia. "Imbwa zako zilikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

Hakubishana, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alikuwa na atropini ya watu kabatini, akapima, akamchoma. Kisha akamgeukia Maman Hadija na kuuliza, kwa sauti ya kawaida ya kazi, mbele ya foleni nzima: "Mutoto amekula nini?"

Hakuna aliyemkatiza. Hakuna aliyejifunika uso. Kwa mtoto, swali lilikuwa swali tu.

"Ugali," Maman Hadija akasema. "Uji. Kama batoto yote."

"Uji ya nini?"

Alitazama sakafu. Mzee Saidi alikuwa amefika, amesimama mlangoni na tope la shambani magotini. Alimtazama mkewe muda, na nilimwona akijua kitu ambacho labda alikuwa anakijua siku zote na hakukitazama.

"Sema," akamwambia.

"Mbegu," Maman Hadija akasema. "Tulikula mbegu."

Nilitazama ukutani, wanawake wote wale, na mmoja baada ya mwingine macho yao yakashuka. Hapo nikaelewa kwamba si nyumba moja.

Shirika moja la misaada lilikuwa limegawa mahindi ya mbegu msimu ule, kwa watu waliorudi na kwa wale ambao mpunga wao umeharibika. Mbegu zilikuwa na rangi ya waridi, zimepakwa dawa ya kuua wadudu ardhini. Waligawa wakisema wazi: ni sumu, msile. Wote walisikia. Lakini hawa walikuwa watu waliotoka miaka ya kuambiwa mambo kwa kipaza sauti, kambini na vitani, na walikuwa wamejifunza kupima kila tangazo kwa kujiuliza msemaji anataka nini. Maman Shantali, aliyekuwa katika foleni na mwanawe aliyekuwa anatapika, ndiye aliyeeleza, kwa ukali, kana kwamba sisi ndio wakosaji: "Tulisema banatuogopesha bule, juu tusikule. Kama vile mama anapakaa pilipili ku ziwa, mutoto aachake kunyonya. Pilipili ni sumu?" Kwa hiyo walipanda kiasi, na nyingine wakaosha, wakaosha tena hadi maji yakatoka meupe. Na kwa tahadhari, maana walikuwa waangalifu, wakakoboa ganda lote pamoja na kilichobaki cha rangi, wakala moyo wa punje, mweupe kama wa harusi. Ganda, yaani pumba, wakampa mbwa.

Mbwa ndio walikuwa wanatukinga. Karibu sumu yote ilikuwa imekaa katika ganda, na ganda lilikwenda ng'ambo ya ua, kwenye bakuli lisilochanganywa na vyombo vya watu. Tulipowaua, pumba ikarudi mezani. Nimejaribu mara nyingi kumweleza mtu jambo hili bila sauti yangu kupanda, na sijawahi kufaulu. Kulikuwa na siku nyingi ambapo yeyote angeweza kulizuia kwa maneno mawili, amekula nini. Konseye angeweza, mkuu wangu na redio yake angeweza, Mzee Saidi angeweza. Wao waliogopa jibu lililo kaburini, na wanawake waliogopa jibu lililo jikoni, kwa sababu mkulima aliyekula mbegu amekula mwaka ujao, na kwa mtu kama Mzee Saidi aibu hiyo ilikuwa nzito kuliko njaa. Pia ilisemwa kwamba aliyekula mbegu hatapewa tena. Hofu mbili zilikutana mlango mmoja, zikasukumana, na hakuna aliyepita.

Zuhura alipona. Mtoto wa Maman Shantali pia. Kati ya wale ambao Faustin alisema wana malaria ya kichwa, wawili walikuwa wameshazikwa, mmoja mzee sana, na hakuna atakayejua kama ilikuwa sumu. Konseye Vedasti aliita mkutano mwingine, akatangaza kwa sauti yake ya kwaya kwamba atakayekamatwa na mbegu jikoni ataadhibiwa, na matokeo yake ni kwamba kila jiko likafunga mlango. Juu ya mbwa hakusema kitu. Niliinua mkono, hakuniona. Baadaye nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba, si kuamuru, wazike kilichobaki. Wengine walinionyesha mashimo. Maman Hadija alinionyesha lake, nyuma ya migomba, udongo mbichi umeshindiliwa vizuri, akasema, "Yote iko mule, mutoto yangu." Nilimwamini. Mwisho wa msimu ofisi ilinihamishia Nyakabuye, ambako walau kulikuwa na mbuzi.

Sasa Maman Hadija amezeeka, karibu haoni. Kwenye matanga walikuwa wamemkalisha kwenye mkeka, amejiegemeza ukutani, na wanawake walikuja mmoja mmoja kumshika mikono. Nilipofika zamu yangu alinitambua kwa sauti, akanivuta nikae. Tulizungumza juu ya marehemu, kikohozi chake cha mwisho, jinsi alivyokataa hospitali. Zuhura alituletea chai akaondoka. Maman Hadija alisubiri hatua zake zifike mbali.

"Beata, ile pumba," akasema. "Sikuizika."

Nilidhani umri umemchanganya. "Nililiona shimo, Maman."

"Shimo uliona. Mule hamukukuwa kintu." Alikuwa anajipapasa magoti. "Kulikuwa mama moja ya Kamanyola, alikuwa anavukaka kilalo na mawese. Siye hatukukuwa na mafuta, hata tone. Nilimupa gunia ya pumba, akanipa bidon ya mafuta. Tulipika sombe na ile mafuta. Na weye ulikula, ukasema leo ni tamu."

Kule Kamanyola, upande wa Kongo wa daraja, wakati huo, watu walikuwa wanatoka kwenye vita vimoja na kungoja vingine. Nilimuuliza kama hiyo ilikuwa kabla ya Zuhura kuugua au baada.

"Kisha ya Zuhura," akasema.

Kutoka barazani sauti za wanaume zilikuwa zinasoma dua, na mtu alikuwa anagawa kahawa.

"Nilimuambia apatie nguruwe," akasema. "Nilimuambia muzuri, mara mbili: mama, hii ni ya nguruwe. Akasema ndiyo."

"Alikuwa na nguruwe?"

Maman Hadija aligeuza uso kuelekea nilipokuwa, macho yake meupe yakinitafuta pembeni kidogo ya nilipoketi.

"Batoto niliona, alikuja nabo," akasema. "Nguruwe, sikuona."